Nyumba za kanjo: kodi yetu irudi kwenye hizi nyumba, tusingoje mpaka zioze ndo tuletewe mwekezaji

Mwana wa Kota (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Naomba tuongee hii mambo ya nyumba za kanjo (zile za kupanga za baraza la mji, sasa ziko kwa kaunti) kwa utulivu, maana kila ikitajwa watu wanagawanyika hapo hapo, wa kubomoa huku wa kutobomoa kule, na mimi naona swali lenyewe halijaguswa.

Nimezaliwa nyumba ya kanjo, mji mmoja wa Pwani, siutaji kwa sababu mama bado yuko pale. Nyumba 96, vyumba viwili viwili, paa la vigae vya Mangalore, choo kimoja nyumba nne. Mama alikabidhiwa ufunguo 1984. Risiti zake zote za kodi ameweka kwa kopo la Blue Band, zile za zamani karatasi nyembamba wino unaanza kupotea, za sasa ni meseji za M-Pesa na kila nikienda lazima nimtolee printi azikunje azitie mle mle. Likizo ya mwisho nikakaa mkekani nikazijumlisha zote. Miaka 10 ya kwanza shilingi 300 kwa mwezi, miaka 12 iliyofuata 900, halafu 2,200 kwa miaka 18 mpaka mwisho wa 2023. Jumla 640,800. Zidisha na nyumba 96, tuseme kila mtu alilipa, hiyo ni milioni 61 na nusu.

Sasa niwaambie kilichorudi. Rangi mara mbili, mara zote mbele tu, huku nyuma hawakufika. Mfereji wa uani walibadilisha mara moja. Basi. Bomba la choo lilipopasuka tulichanga nyumba nne tukaita fundi. Vigae vikivunjika mama huenda kununua kwa wanaobomoa nyumba za zamani, akikosa anatandika turubai juu anaweka na mawe, na msimu wa kusi likianza kupigwa na upepo usiku hamlali.

Juzi wamekuja vijana na kopo la rangi nyekundu wakaandika namba kwenye kila mlango. Tukaitwa kikao tukaambiwa nyumba zimechakaa, hazifai kuishi binadamu, kuna mwekezaji. Na ni kweli zimechakaa! Hapo siwezi kubisha. Ila nyumba haichakai kwa bahati mbaya, inachakaa kwa sababu kodi yake kwa miaka 40 imeenda kufanya kazi nyingine. Sisemi kuna mtu aliiba, sina ushahidi wa hilo, nasema tu hakukuwa na mfuko wa hizi nyumba.

Kwa hivyo nauliza, hizi nyumba zisimamiwe vipi na pesa itoke wapi? Ziuzwe kwa wapangaji? Apewe mwekezaji? Lije shirika lingine lisimamie? Ama zibaki kwa kaunti lakini kwa utaratibu mwingine? Mwenye anajua aseme, tuna memoranda ya kupeleka kwa bunge la kaunti na sitaki iwe ya kulia tu.

Fundi Makupa

Dada pole kwa mama lakini nitakuwa wa upande wa pili. Mimi ni fundi, hizo nyumba nimezikarabati sana, zingine ukigonga plasta unakuta mawe yashakuwa unga. Hutengenezi hiyo, unapoteza simiti. Halafu angalia Buxton hapa Mombasa, familia 520 zilikaa ardhi ya katikati ya mji, nyumba za chini, uwanja mtupu. Kaunti ikatoa ardhi, mwekezaji akatoa pesa, kila familia ikapewa 240,000 ya kuhamia na kuanza maisha kwengine, na pale pale mpango ukawa wa kujenga nyumba karibu 1,900. Hesabu ni hiyo, 520 dhidi ya 1,900. Vijana wetu wataishi wapi mji huu kama ardhi nzuri imekaliwa na vibanda vya mkoloni?

Na kuna jambo watu hawapendi kulisema. Wengi walioandikwa kwa daftari la kanjo hawaishi mle. Analipa kanjo elfu mbili, yeye amepangisha elfu nane, yuko kwake Kisauni amejenga. Huyo naye ni mnyonge?

Mwana wa Kota

Kaka Fundi, la kupangisha ni kweli na kwetu pia wako, nyumba yetu ya nne kutoka mwisho ni hivyo hivyo. Na la ardhi nakubali, siwezi kukaa na nyumba 96 za chini mahali pangekaa 600 halafu niseme natetea wasio na nyumba.

Lakini angalia kitu kimoja hapo Buxton. Zile 520 zilikuwa za kupanga, za umma. Hizi mpya zinauzwa. Mpangaji wa zamani alipewa nafasi ya kwanza kununua, sawa, lakini nafasi ya kwanza si pesa. Mama yangu ana miaka 71 anauza viazi karai, benki gani itamkopesha mogeji, yaani mkopo wa kununua nyumba? Na akishanunua mwenye uwezo, yule kijana atakayekuja mjini 2040 na mshahara wa askari wa usiku atapata wapi nyumba ya kanjo? Hakuna tena, na ardhi ishaenda. Mimi sipingi ghorofa, napinga ardhi ya umma kutoka mara moja kisha basi.

Eastlands Original

Nairobi hapa story ni ile ile. Pangani zilikuwa familia 48 tu, kila moja ikalipwa 600,000 ipishe, sasa ni maghorofa ya nyumba zaidi ya 1,500. Ardhi ya kaunti, pesa ya developa.

Lakini wazee wanasahau tulishajaribu na ile njia ya kuuzia wapangaji. Umoja ilijengwa miaka ya sabini kwa mkopo wa Wamarekani, City Council ikawauzia watu wa mshahara wa chini pole pole. Nenda Umoja leo. Watu walivunja nyumba ndogo wakapandisha flati za orofa sita saba, hakuna mahali pa kuanika nguo, sewa ile ile ya zamani, na anayeishi ndani ni mpangaji wa landilodi. Dandora nayo, Benki ya Dunia miaka hiyo hiyo, watu wakagawiwa ploti 6,000 zenye choo na maji wajijengee wenyewe, ikaishia vile vile. Sisemi ni vibaya, wazazi wetu wengine walitoka kimaisha kupitia hapo na mimi nimesomeshwa na kodi ya chumba cha nyuma. Nasema tu ukiuza umemsaidia mmoja mara moja.

Na mimi nakatwa levi ya nyumba 1.5% ya mshahara kila mwezi, mwajiri anaweka ingine 1.5%. Sheria ya Machi 2024 inasema wazi kuna nyumba za jamii za mwenye kipato chini ya 20,000. Sasa hiyo pesa si ndiyo ijenge nyumba za kanjo mpya? Za KUPANGA, sio za kuuzwa Boma Yangu, ile portal ya serikali ya nyumba za bei nafuu.

Mdau wa London

Wakuu nimesoma uzi wote. Mimi ni wa Kilifi lakini niko London mashariki mwaka wa 14 huu, naishi nyumba ya kanjo ya huku, kwa hivyo nitaeleza nilivyoona maana hizi njia zote mnazotaja wenzetu walishazipita.

Kwanza kuuza. Mwaka 1980 Thatcher, waziri mkuu wa huku wakati huo, alipitisha sheria mpangaji wa kanjo anunue nyumba yake kwa punguzo kubwa sana. England peke yake zimeuzwa karibu milioni mbili. Walionunua wa kwanza walifurahi na wana haki ya kufurahi. Lakini halmashauri zilibanwa zisiweze kutumia pesa yote ya mauzo kujenga zingine, kwa hivyo zilizotoka hazikurudishwa. Korido yangu ina milango 8, mitatu ni ya watu binafsi wanaopangisha, jirani yangu analipa zaidi ya mara mbili ya kodi yangu, ukuta ni mmoja, lifti moja. Na kuna halmashauri zinakodi tena nyumba zilizouza zenyewe, ili ziweke watu wasio na makao. Fikirieni hiyo.

Pili kukabidhi shirika. Huku huwezi kuhamisha nyumba zote kwenda kwa shirika bila wapangaji kupiga kura, na si kura ya mchezo. Birmingham 2002 walikataa. Glasgow walikubali, 2003 nyumba kama 80,000 zikahama, na serikali kuu ikafuta deni lote la nyumba hizo, hapo ndo palikuwa na utamu wenyewe kwa sababu shirika lilianza bila mzigo likaweza kukopa la kukarabati.

Tatu, kanjo inabaki na nyumba ila kampuni pembeni inasimamia. Hapa nawaomba muwe makini sana. Jengo la Grenfell, ghorofa refu hapa London, lilikuwa la halmashauri, likisimamiwa na shirika la aina hiyo, na wapangaji walikuwa na viti kwenye bodi. Wakazi walilalamika juu ya usalama wa moto, wakaandika kabisa. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 liliungua wakafa watu 72. Mimi usiku ule niliona moshi kutoka basi la kwenda kazini. Kiti kwenye bodi bila nguvu ya kuzuia kitu ni kiti tu.

Lakini kuna moja nzuri na ndiyo namjibu dada mwanzisha uzi. Huku kwa sheria, kodi ya nyumba za kanjo inaingia akaunti yake peke yake, haichanganywi na barabara wala shule. Tangu Aprili 2012 halmashauri inabaki na kodi yote, inalipa deni lake yenyewe, inapanga ukarabati wa miaka 30 mbele. Na 2018 wakaondoa kikomo cha kukopa kwa hiyo akaunti. Si peponi, ukungu upo, mafundi wanachelewa, lakini mpangaji anaweza kuuliza kodi yangu imefanya nini na ikapatikana karatasi ya kumjibu.

Kinondoni Moja

Habari zenu ndugu zetu wa Kenya. Sisi Dar tuna Magomeni Kota. Zile nyumba zilikuwa za manispaa, kaya 644, watu wakaondolewa wapishe mradi wa mwekezaji, mradi haukuonekana, wenyewe wakabaki kupanga mitaani karibu miaka kumi na kiwanja kimekaa pori. Ikabidi serikali kuu iingie, TBA (Wakala wa Majengo wa serikali) wakajenga maghorofa, Rais Samia akazindua Machi 2022, na akasema wakazi wauziwe kwa gharama ya ujenzi tu bila kuhesabu ardhi. Hapo walifanya vizuri, kaya zote 644 zilikuwa na nafasi. Ushauri wangu kwa dada ni mmoja: msitoke kwenye nyumba kabla hamjaona pesa ya ujenzi iko mahali, na majina yenu yote yamesainiwa kwenye orodha ambayo kila mmoja ana nakala. Kuna wazee walikufa wakisubiri kurudi Magomeni.

Karani Mstaafu

Wanangu, nimefanya kazi ofisi ya kodi ya baraza moja la mji miaka 27, nimestaafu. Nataka kumjibu huyu binti pesa ilienda wapi kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nazipokea.

Ilikuwa hivi. Asubuhi nafungua dirisha, mpangaji analeta kadi yake na pesa, naandika leja, nampa risiti. Jioni tunapeleka benki. Akaunti ni moja, inaingia kodi ya nyumba, ada ya soko, leseni za biashara, pakingi. Tarehe 28 inakuja karatasi ya mishahara. Hapo imeisha. Mhandisi wa nyumba alikuwa analeta makisio kila mwaka, nayakumbuka kwa sababu yalipigwa chapa kwenye mashini ya meza ya pembeni yangu, mwaka mmoja aliomba vigae 4,000 akapewa ndoo 6 za rangi. Hakuna aliyekula mbele yangu, wallahi, ni kwamba nyumba haipigi kelele na mfanyakazi asiyelipwa anagoma.

Kulikuwa na deni pia. Nyumba nyingi za mabaraza zilijengwa kwa mkopo wa Shirika la Nyumba la Taifa, mabaraza mengi yalishindwa kulipa. Kodi nayo haikupandishwa kwa sababu kila diwani anaogopa kura. Miaka 18 elfu mbili na mia mbili, binti yangu, hiyo hata mama yako atakubali ilikuwa ndogo. Tukitaka nyumba zitunzwe lazima tuseme na hilo.

Sasa msifikiri akaunti ya peke yake inafunguliwa hivi hivi. Kifungu cha 207 cha Katiba kinasema pesa yote inayokusanywa na kaunti iingie Mfuko wa Mapato wa Kaunti, ila ile iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge kukaa pengine. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, kifungu 116, inamruhusu waziri wa fedha wa kaunti kuanzisha mfuko maalumu, kamati kuu ya kaunti ikikubali na bunge la kaunti likipitisha. Hapo ndipo pa kubishia hodi. Na mwaka 2023 hospitali za kaunti zilipata sheria yake, wanachokusanya kinabaki hospitalini kinanunua dawa. Kabla ya hapo pesa ilikuwa inapanda makao makuu na wodi haina glavu. Kama imewezekana hospitali, nyumba inashindikana nini?

Kukopa msitegemee sana. Kifungu 212, kaunti haikopi mpaka serikali ya kitaifa idhamini na bunge la kaunti liidhinishe.

Fundi Makupa

Shikamoo mzee. Hiyo ya ndoo 6 za rangi imenikaa, nimezipaka hizo nyumba na sikujua mhandisi aliomba vigae.

Lakini swali langu bado lipo. Mfuko mtaanzisha, kodi ya nyumba 96 haijengi ghorofa. Pesa ya kujenga?

Mwana wa Kota

Shikamoo zote ziende kwa mzee wetu Karani, na nyote ahsanteni, nimeandika kwa daftari usiku kucha. Kaka Fundi nakujibu, nikikosea mnirekebishe.

Kodi ya nyumba kukuu haijengi, ni kweli, kazi yake ni kutunza. Ya kujenga iombwe kwa ile levi, kama alivyosema Eastlands. Watu wa mapato chini ya 20,000 wako pale pale kwetu, hawahitaji kutafutwa kwa portal, nenda saa kumi na moja alfajiri uone wanaotoka kwenda kazini. Vienna kule Austria mwaka 1923 mji uliweka ushuru wa nyumba, mwenye jumba kubwa akalipa zaidi sana, kufikia 1934 walikuwa wamejenga nyumba zaidi ya 60,000, na mpaka leo mji unamiliki kama 220,000 unazipangisha. Levi tunayo tayari. Tofauti ni kwamba wao walichojenga walibaki nacho.

Chini ya ghorofa ziwekwe duka. Kota yetu iko barabarani, frem zile zinapangishwa kwa bei ya soko na hiyo kodi iingie mfuko huo huo, iwabebe wa juu. Na mwekezaji akija, apewe kipande cha ardhi kwa lizi ya miaka iliyoandikwa, si hati, na idadi ya nyumba za kupanga atakazorudisha kwa kaunti iwe kwenye mkataba kabla tingatinga haijawashwa. Nakataa kabisa ile ya kulipwa tupishe halafu kwaheri.

Kodi ipande. Nimemwambia mama akanyamaza kidogo, akasema elfu nne angelipa kama choo kingekuwa ndani. Nimeiandika hivyo hivyo kwa memoranda. Walio na shida zaidi walipe kwa kipimo cha kipato. Daftari lihakikiwe nyumba kwa nyumba, anayeishi mle ndiye aandikwe, na huyo wa kupangisha apewe notisi kama mtu yeyote. Najua jirani zangu wengine hawatanisalimia.

Kuna kitu karibu hapa Voi ambacho watu wa Pwani hatukitaji, mtaa wa Tanzania-Bondeni. Miaka ya tisini wakazi walishika ardhi kwa pamoja kupitia chama chao, nyumba ya mtu ni yake, ardhi haiuziki na mmoja. Sijui kwa nini tunaruka mpaka ulaya kabla ya kuuliza hapo. Kwetu ningependa ardhi ibaki ya kaunti lakini mfuko uwe na sahihi mbili za wapangaji, na bila hizo sahihi hundi haitoki. Si kiti tu, mdau wa London umenisaidia sana hapo.

Eastlands Original

Hiyo ya sahihi mbili ongeza wachaguliwe na wapangaji wenyewe, kila miaka miwili, wasiteuliwe na MCA (mjumbe wa bunge la kaunti). La sivyo utaona sahihi za shemeji za watu.

Mwana wa Kota

Nimeongeza.

Karani Mstaafu

Binti, andika pia hesabu isomwe hadharani kila baada ya miezi mitatu, ibandikwe ukutani pale pale kota, imeingia ngapi imetoka ngapi kwa fundi gani. Kikao cha kamati ya bunge kiko lini?

Mwana wa Kota

Jumatano ijayo saa nne asubuhi, mzee. Tumepewa dakika 10.

Karani Mstaafu

Nitakuja. Nami ninayo daftari yangu ya zamani, nilikuwa nanakili makusanyo ya kila mwezi kwa mkono. Wewe njoo na lile kopo la mama, msilete fotokopi, leteni risiti zenyewe.

Mwana wa Kota

Mama amesema kopo halitoki bila yeye. Basi atakuja nalo mwenyewe.